Shajara ya mradi: mzigo ndio unaovuta gesi

14 Januari

Umeme ulikatika saa nne asubuhi, katikati ya kipindi cha fizikia. Duka la ng'ambo ya barabara wakawasha jenereta ya petroli, na kwa kuwa madirisha yalikuwa wazi darasa zima likawa linaisikia. Inanguruma kwa sauti moja, halafu friji la vinywaji likijiwasha inazama, inakohoa kidogo, kisha inapandisha sauti na kutulia upya. Nikaishika hapohapo iwe mfano. Nikawaeleza kwamba ndani ya jenereta ile kuna gavana: mzigo (yaani vifaa vinavyovuta umeme) ukiongezeka injini hupunguza mwendo, gavana huhisi, hufungua njia ya mafuta, mwendo hurudi.

Rehema wa kidato cha tatu akanyoosha mkono. Wiki iliyotangulia tulikuwa tumezungumzia vyombo vya Apollo vilivyokwenda Mwezini, kwamba umeme wake ulitokana na kuunganisha hidrojeni na oksijeni. Akauliza, "Mwalimu, kule angani nani anafungua gesi, mtu akiwasha taa nyingine?"

Nikamjibu kwamba lazima kuna vali inayofanya kazi ya gavana. Jioni, nikisahihisha madaftari, jibu lile likaanza kunisumbua. Nilikuwa nimelitoa kwenye jenereta nikalipachika kwenye mtambo ambao hauna injini, hauna mwendo, wala hauna kitu kinachozunguka cha kuhisiwa.

Mradi umeanza na swali hilo. Klabu yetu ya sayansi ina seli nne ndogo za hidrojeni za kufundishia (vifaa vinavyounganisha hidrojeni na oksijeni kutoa umeme), mtambo mdogo wa kupasua maji kwa umeme, mabomba mawili ya sindano ya kioo ya mililita 100, mota ndogo za feni, rezista na mita tatu. Rehema na Baraka watafanya majaribio pamoja nami kila Jumamosi. Mimi kwa upande wangu nitaandika programu ya kompyuta inayoiga seli za vyombo vya kweli, ili tulinganishe ya mezani na ya angani.

19 Januari

Programu ya kwanza imekamilika, na imekosea. Niliandika hivi: soma mzigo, kokotoa gesi inayohitajika, fungua vali kiasi hicho, toa umeme. Nilipopandisha mzigo ghafla, umeme wa kwenye grafu ulichelewa sekunde kadhaa ukisubiri vali. Kwa hesabu hiyo taa za wanaanga zingezimika kila mtu anapogusa swichi. Haikuwa hivyo kwenye Gemini, chombo cha Marekani cha watu wawili kilichotangulia Apollo, haikuwa hivyo kwenye Apollo wala kwenye shatoli, chombo cha Marekani kilichokwenda angani na kurudi.

Nikarudi kwenye seli yenyewe. Upande mmoja kuna hidrojeni, upande wa pili oksijeni, katikati kuna elektroliti inayopitisha ioni lakini inazuia elektroni. Elektroni zikitaka kwenda upande wa oksijeni hazina budi kuzunguka nje kwa waya, zipite kwenye taa au mota. Waya ukiwa wazi, hidrojeni inakaa palepale kwenye uso wa elektrodi, imejaa, ikisubiri. Ukifunga swichi, elektroni zinaondoka, na molekuli za hidrojeni zilizo jirani zinapasuka papo hapo kujaza nafasi. Kwa umeme wenyewe hakuna kusubiri, maana gesi ya kuanzia imeshafika.

25 Januari

Leo tumeliona kwa macho, na naandika kabla halijapoa.

Tuliunganisha seli moja tu. Upande wa hidrojeni tulifunga njia ya kutokea, na njia ya kuingilia tukaiunganisha kwenye bomba la sindano la kioo lililojaa hidrojeni mililita 100. Bomba la plastiki halifai, pistoni yake inang'ang'ania. Ya kioo inateleza kama barafu. Bomba tumelilaza mezani, hakuna mkono unaoligusa, madirisha wazi, na marufuku kiberiti chumba kizima.

Swichi ikiwa wazi, pistoni imetulia. Baraka akaunganisha rezista kubwa, mkondo ukasoma ampea 0.2. Pistoni ikaanza kutembea. Taratibu, unahitaji kuweka jicho kwenye mstari wa mililita ili uamini, lakini ilitembea yenyewe kuingia ndani: mililita moja na nusu kwa dakika. Akabadilisha rezista, mkondo ukapanda hadi 0.6. Pistoni ikaongeza mwendo, karibu mililita nne na nusu kwa dakika. Akachomoa waya, pistoni ikasimama.

Rehema aliinama mpaka pua ikakaribia kioo. Akasema, "Mwalimu, hakuna anayefungua. Taa ndiyo inavuta."

Hesabu inakubaliana naye. Kila ampea 1 inayopita kwenye seli moja inakula karibu mililita 7.6 za hidrojeni kwa dakika kwa joto la chumba, na sheria hiyo haijali seli ni kubwa au ndogo, iko mezani au iko njiani kwenda Mwezini. Hidrojeni ikiliwa, presha ndani ya seli inashuka kidogo, na hewa ya nje inasukuma pistoni. Kwenye vyombo vya anga kazi ya pistoni inafanywa na regulata. Kwa hiyo vali ipo, ila haijui lolote kuhusu taa wala mota. Inachohisi ni presha tu: presha ikishuka inaachia gesi, ikirudi inafunga. Nimemwomba Rehema radhi mbele ya darasa kwa jibu la tarehe 14.

2 Februari

Kama gesi inajileta, mzigo unaobadilika unaleta shida gani? Shida ya kwanza ni volti. Seli yetu bila mzigo ilisoma 0.93. Kwa ampea 0.2 ikashuka hadi 0.74, kwa 0.5 ikawa 0.62, na kwa 0.8 ikafika 0.47. Kila unapovuta zaidi inalegea. Sehemu ya mshuko ni ada ya kuanzisha mmenyuko kwenye elektrodi, sehemu ni ukinzani wa utando (ile elektroliti ya katikati), na mwishoni kabisa ni gesi kushindwa kuufikia uso wa elektrodi kwa kasi inayotakiwa.

Shatoli za Marekani zilikuwa na seli zilizolegea kidogo mno. Kila shatoli ilibeba mitambo mitatu ya seli, na kila mtambo ulikuwa na seli 96 zilizopangwa katika mafungu matatu ya seli 32, mafungu hayo yakiunganishwa sambamba. Kwa kilowati 2 mtambo mmoja ulitoa volti 32.5, na kwa kilowati 12 ulitoa 27.5. Nguvu imepanda mara sita, volti zimeshuka tano tu. Vifaa vyote ndani ya shatoli vilitengenezwa kuvumilia nafasi hiyo. Naona hapa ndipo wahandisi walipotumia busara: hawakulazimisha seli itoe volti zisizotikisika, walikubali kulegea kwake na kuweka mipaka ya kulegea huko.

Tena shatoli haikuwa na betri za akiba za kusaidia njia zake kuu tatu za umeme. Ilitegemea mitambo hiyo mitatu tu. Mzigo ukipanda, seli zinaupokea zenyewe.

9 Februari

Tarakimu mbili za shatoli zimenikosesha usingizi kwa namna nzuri. Nimezifanyia hesabu na wanafunzi ubaoni.

Kilowati 2 kwa volti 32.5 ni ampea 61.5. Kilowati 12 kwa volti 27.5 ni ampea 436. Gawanya: mkondo umepanda mara 7.1, ingawa nguvu imepanda mara 6 tu. Na kwa kuwa gesi inafuata mkondo, gesi nayo imepanda mara 7.1. Ile mara moja ya ziada ni gharama ya volti kulegea.

Baraka akauliza gharama hiyo inaenda wapi. Inakuwa joto. Kama nishati yote ya hidrojeni ingegeuka umeme bila kupotea, kila seli ingetoa volti 1.48. Kwa kilowati 2 kila seli ya shatoli ilitoa karibu 1.02, kwa kilowati 12 karibu 0.86. Tofauti na 1.48 ndiyo joto. Ukizidisha kwa mkondo na kwa seli 32 unapata takriban kilowati 0.9 za joto kwenye mzigo mdogo, na takriban 8.7 kwenye mzigo mkubwa. Mara tisa na nusu!

Nguvu mara 6, gesi mara 7, joto mara 9.5. Tumeandika tarakimu hizo kwenye karatasi ya manila na kuibandika juu ya meza ya majaribio. Na maji pia: kwa kilowati 2 mtambo mmoja ulizalisha karibu kilo 0.7 za maji kwa saa, kwa kilowati 12 karibu kilo 4.7. Wanaanga waliyanywa maji hayo.

Programu sasa ina saa tatu tofauti ndani yake. Umeme unajibu papo hapo. Gesi inafuata kwa sekunde, kadiri ya urefu wa bomba na wepesi wa regulata. Joto na maji vinajikongoja nyuma kwa dakika. Mtambo wa shatoli ulikuwa na uzito wa karibu kilo 116, na chuma chote hicho hakipati moto mara moja. Kwa makadirio yangu, kama kupoza kusingeongezeka kabisa, kuruka kutoka kilowati 2 hadi 12 kungepandisha joto digrii 10 hivi katika chini ya dakika mbili. Nikiangalia mstari huo kwenye grafu ndipo ninapoelewa kwa nini vipimo vya mtambo viliandikwa kwa namna mbili: kilowati 7 mfululizo, na kilowati 12 kwa kilele cha dakika 15.

16 Februari

Maji. Leo seli ya 2 ilianza kushuka polepole bila sababu: 0.61, 0.57, 0.50, mzigo uleule. Baraka alidhani waya umelegea. Niliinua seli kwenye mwanga wa dirisha, na kwenye kijibomba cha kutolea cha upande wa oksijeni kulikuwa na tone moja la maji, duara, limeziba njia kabisa. Nililigonga kwa ukucha. Tone likateleza, likaanguka kwenye kitambaa, na volti zikapanda hadi 0.60 mbele ya macho yetu.

Mezani tone huanguka. Angani hakuna chini. Kwenye Apollo na shatoli maji yalitolewa kwa kuzungusha hidrojeni yenye mvuke kwenye mzunguko, kuupoza mvuke uwe maji, kisha kuyatenga maji na gesi kwa pampu inayozunguka kwa kasi. Mzigo ukipanda, mtambo huo lazima umeze maji mengi zaidi. Novemba 1981, safari ya pili ya shatoli, mmoja wa mitambo mitatu ulifurika maji ukafa, na safari ya siku tano ikakatishwa baada ya saa 54. Wanaanga Joe Engle na Richard Truly walirudi nyumbani na mitambo miwili ikifanya kazi ya mitatu.

23 Februari

Rehema ameuliza upande ambao sikuufikiria: mzigo ukiwa mdogo mno je?

Kwa seli zetu hakuna shida, zinakaa tu. Zetu zina utando wa plastiki, ndugu wa zile zilizoruka kwenye Gemini. Lakini seli za Apollo zilitokana na kazi ya Mwingereza Francis Thomas Bacon, aliyeonyesha mtambo wake wa kilowati kadhaa Cambridge mwaka 1959. Elektroliti ya seli hizo za Apollo ni potasiamu haidroksaidi iliyokolea sana, ambayo kwa joto la chumba ni kitu kigumu. Inayeyuka na kufanya kazi ikiwa kwenye digrii 200 hivi. Joto hilo linatoka wapi? Linatoka kwenye mzigo wenyewe.

Kila mtambo wa Apollo ulikuwa na seli 31 mfululizo, na eneo lake la kawaida la kazi lilikuwa kati ya wati 563 na 1,420. Juu ya hapo ungeweza kufika wati 2,300. Chini ya 563 hautoi joto la kutosha kujiweka hai, na hita ya ndani hujiwasha kuongeza joto. Yaani ukizima vitu ili kuokoa umeme, unafika mahali mtambo unaanza kula umeme wake mwenyewe usigande. Nimeongeza sakafu hii kwenye programu. Grafu yake nzuri sana: ukishusha mzigo, matumizi ya gesi yanashuka, yanashuka, halafu yanakataa kushuka zaidi.

2 Machi

Jaribio la mota. Tulipanga seli zote nne mfululizo, volti 3.6 bila mzigo, tukaunganisha mota mbili za feni kwenye swichi moja. Baraka akafunga swichi. Volti zikaporomoka hadi moja na kitu, mota zikatetemeka na kugoma zote mbili, zikiunguruma kwa sauti ya nzi ndani ya chupa. Tukazima haraka.

Tukabadilisha: mota ya kwanza peke yake. Ikaanza. Tukasubiri iongeze mwendo, mkondo ukashuka hadi robo ampea. Ndipo tukawasha ya pili. Ikaanza bila tabu. Mota iliyosimama inavuta mkondo mwingi kuliko inayozunguka, kwa hiyo kilele ni kifupi, na ukivitenganisha vilele seli inavimudu.

Niliwasimulia jinsi wanaanga wa Apollo walivyofanya. Injini kubwa ya chombo iligeuzwa kwa mota za umeme zilizoelekeza mdomo wake, na mota hizo ziliwashwa moja baada ya nyingine, mwanaanga akitazama sindano ya mkondo iruke na kutulia kabla ya kugusa swichi inayofuata. Zaidi ya hapo, kabla ya kuwasha injini waliunganisha betri za chombo kwenye njia kuu za umeme zisaidiane na seli. Zilikuwa betri tatu za fedha na zinki, za ampea-saa 40 kila moja, ambazo kazi yake kuu ilikuwa kurudi duniani baada ya seli kuachwa nyuma. Ukitazama kwa makini utaona mzigo unaobadilika ulishughulikiwa kwa mkono wa mtu na orodha ya karatasi kama ulivyoshughulikiwa na kemia.

8 Machi

Hakuna jaribio, nilikuwa na usimamizi wa mitihani. Nimeandika tu kipande cha programu kuhusu Apollo 12.

Tarehe 14 Novemba 1969 roketi ilipigwa na radi mara mbili, sekunde 36.5 na sekunde 52 baada ya kuruka. Vihisi vya kulinda mitambo vilidhani ni mzigo uliopita kiasi, vikaikata mitambo yote mitatu ya seli kwa pamoja. Mzigo mzima ukaangukia betri, na volti za njia kuu zikazama hadi 18 au 19 kabla ya kupanda tena hadi 23 na 24. Vipimo vilivyofika Houston, kwenye kituo cha kuongozea safari, vikawa havieleweki. John Aaron, kijana aliyesimamia umeme kule chini, alikumbuka ameshawahi kuona mchoro huohuo wa tarakimu, akashauri swichi moja ihamishwe kwenye njia ya akiba. Mwanaanga Alan Bean akaijua iliko, akaihamisha, kisha seli zikarudishwa moja baada ya nyingine. Seli zenyewe hazikuwa na jeraha. Kilichoziangusha ni mlinzi wao.

15 Machi

Siku mbaya, na kosa ni langu.

Nilitaka kuonyesha seli ikikosa gesi. Tulipanga seli nne mfululizo, mzigo wa rezista, mkondo ampea 0.5. Nikabana kwa koleo mpira wa hidrojeni wa seli ya 3 peke yake. Nilitegemea volti zake zishuke hadi sifuri zikae hapo. Kwa dakika nzima hakikutokea kitu, maana kulikuwa na gesi kwenye mpira na ndani ya seli. Halafu zikaanza: 0.5, 0.3, 0.1, sifuri, na hazikusimama. Hasi 0.4. Hasi 0.8. Baraka akapaza sauti, "Mwalimu, mita imegeuka!"

Mita haikugeuka. Seli tatu nzima zilikuwa zinasukuma mkondo kwa nguvu kupitia ile yenye njaa, na seli isiyo na hidrojeni ikilazimishwa kutoa elektroni inazitafuta kwingine: inapasua maji, kisha inakula kaboni ya elektrodi yake yenyewe. Niliiacha sekunde arobaini hivi kabla ya kukata, nikishangaa. Tulipoirudishia gesi ilisoma 0.44 badala ya 0.62, na jioni yake ilikuwa hivyohivyo. Haitapona.

Kwa hiyo kanuni ya tarehe 25 Januari ina upande wa pili. Mzigo unavuta gesi, na gesi isipokuwepo mzigo unaendelea kuvuta, kutoka kwenye mwili wa seli.

Wanafunzi walipotulia nikawaeleza kilichotokea Apollo 13 usiku wa tarehe 13 Aprili 1970. Tangi namba 2 la oksijeni lilipolipuka, mtikisiko ulifunga vali za kuingiza gesi kwenye mitambo ya 1 na ya 3. Mitambo haikufa papo hapo. Iliendelea kwa dakika tatu hivi, ikila kilichobaki ndani ya mabomba, kisha ikazimika. Wa 2 ulibaki ukifanya kazi kadiri oksijeni ya tangi la 1 ilivyokuwa inavuja kuisha. Rehema akatazama mpira mwekundu uliobanwa, akauliza urefu wake, akapima kwa rula. Sentimita 31. Ameanza kukokotoa dakika yetu moja ilitoka wapi.

22 Machi

Matangi. Hidrojeni na oksijeni zilibebwa zikiwa baridi kali na zimeshindiliwa, katika hali ambayo si kimiminika wala si gesi ya kawaida. Ukitoa kiasi, presha inashuka. Ili ipande, hita ndani ya tangi inapasha kilichobaki. Hita hiyo inatumia umeme wa seli zilezile. Kwa hiyo mzigo mkubwa unaleta mzigo mwingine: taa inavuta gesi, gesi inashusha presha, presha inawasha hita, hita inavuta gesi.

Agosti 1965, Gemini 5, safari ya kwanza ya binadamu na seli za namna hii, hita ya tangi la oksijeni ilikufa. Presha ikaporomoka kutoka zaidi ya paundi 800 kwa inchi ya mraba hadi karibu 70. Gordon Cooper na Pete Conrad walizima karibu kila kitu. Huku chini wahandisi walikuwa wakijaribu seli kama hiyo kwa presha ndogo waone kama itastahimili, na ilistahimili. Wakaanza kuongeza mzigo kidogo kidogo, presha ikapanda polepole kadiri joto la nje lilivyopenya ndani ya tangi, na chombo kikamaliza karibu siku nane.

Kwenye programu nimeizima hita na kujaribu mzigo mkubwa, kisha mdogo. Mdogo unapona. Mkubwa hauponi. Wale watu wawili waliokaa gizani ndani ya chombo kidogo kama kiti cha mbele cha gari walikuwa wanatoa nafasi kwa joto lijipenyeze.

30 Machi

Fupi. Seli zilizobaki zimekuwa zikilegea kila zinapofanya kazi zaidi ya nusu saa. Sababu: hidrojeni yetu si safi, na uchafu usioliwa unajikusanya mwisho wa njia iliyofungwa. Ukifungua klipu ya kutolea kwa sekunde moja, volti zinaruka juu. Wanaanga wa shatoli walifanya hivyohivyo, walifungua na kuacha gesi ipulizwe nje kwa dakika mbili.

Tumeanza pia kupima kila seli peke yake, si jumla tu, kwa sababu ya seli ya 3. Jumla inaficha. Aprili 1997 shatoli ya safari ya STS-83 iliitwa nyumbani baada ya siku nne badala ya zaidi ya kumi na tano, kwa kuwa volti za seli katika mtambo wa 2 zilianza kutofautiana, na tofauti ya namna hiyo inaweza kumaanisha hidrojeni na oksijeni zinakaribia kukutana. Umeme ulikuwa unatosha. Waliondoka hata hivyo. Wafanyakazi walewale waliruka tena Julai mwaka huohuo, wakamaliza kazi.

6 Aprili

Rehema amemaliza hesabu ya mpira. Kipenyo cha ndani milimita 4, urefu sentimita 31, ni mililita 3.9. Kwa ampea 0.5 seli inakula 3.8 kwa dakika. Dakika moja na sekunde mbili. Alikuja ofisini kwangu na daftari mkononi, akaliweka mezani bila kusema neno, akasubiri nisome. Nikamkumbusha kwamba hata ndani ya seli kuna nafasi kidogo yenye gesi. Akasema ameliona hilo, na kwamba mbano wa koleo ulikuwa sentimita kadhaa kabla ya mwisho, "kwa hiyo vinafidiana, Mwalimu, ila Jumamosi tupime vizuri."

Bado: kununua maji ya betri lita mbili kwa ajili ya mtambo wa kupasua maji (soma lebo, kuna wanaouza asidi kwa jina hilohilo). Klipu sita mpya. Seli ya 3 nimeiwekea lebo nyekundu na kuirudisha kwenye boksi lake. Itatumika kuonyeshea tu. Kwenye programu, joto la Apollo kwa mzigo unaopanda na kushuka kila dakika kumi bado linayumba kuliko inavyopaswa, nadhani vali yangu ya kupoza inafunguka ghafla mno. Jumamosi tunarudia mota mbili kwa seli tatu, na Rehema ndiye atakayeshika swichi.